Kwa Nini Saratani ya Tezi Dume Hufuata Homoni? Maswali na Majibu

Wanaume wengi walio kwenye sindano ya kushusha homoni hawajawahi kuelezwa sindano hiyo inafanya nini mwilini. Wanapewa tarehe ya kurudi kliniki, basi. Jamaa zao nao wanabaki wakijiuliza: kwa nini baba apoteze nguvu za kiume ili atibiwe? Kwa nini dawa iliyomsaidia muda wote huo imeacha kumsaidia? Ninaamini mgonjwa ana haki ya kujua. Majibu ya maswali haya yote yanaanzia sehemu moja, nayo ni namna seli za tezi dume zinavyopeana ishara tangu mtoto akiwa tumboni mwa mama yake.

Tezi dume iko wapi, na kazi yake ni nini?

Iko chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Hutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa, ikiwemo protini iitwayo PSA, ambayo huyeyusha shahawa zilizoganda ili mbegu ziweze kuogelea.

Tezi hii ina maeneo, na hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Eneo la ndani, linalozunguka mrija wa mkojo, ndilo huvimba uzeeni bila kuwa saratani. Saratani nyingi huanzia eneo la nje, upande wa nyuma. Ndiyo maana ule uvimbe wa kawaida hubana mrija mapema, mzee akaanza kuamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, ilhali saratani inaweza kukua pembeni kwa miaka bila kugusa mrija, na mwenyewe akajiona mzima. Kukojoa vizuri hakuthibitishi kwamba huna saratani.

Tezi dume huumbikaje?

Kuanzia wiki ya 8 hivi ya ujauzito, korodani changa za mtoto wa kiume huanza kutoa testosteroni, homoni kuu ya kiume. Ifikapo wiki ya 10, ukuta wa mfereji ulio chini kidogo ya kibofu cha kijusi huanza kuchipua. Vichipukizi vya seli hupenya kwenye nyama laini inayouzunguka ukuta huo, vikatoa matawi, na matawi yakatoa matawi mengine. Baadaye vinafunguka katikati na kuwa vijimirija vya tezi.

Mtu angedhani homoni huziamuru moja kwa moja seli zinazochipua. Sivyo. Mtafiti wa Marekani Gerald Cunha na wenzake walichukua vijusi vya panya, wakatenganisha ukuta wa seli na nyama inayouzunguka, kisha wakaviunganisha upya kwa kubadilishana. Baadhi ya panya hao walikuwa na kasoro ya kuzaliwa: kipokezi chao cha homoni za kiume, yaani protini inayoinasa homoni na kuitekeleza amri yake, hakikufanya kazi. Ukuta wa panya mwenye kasoro ulipowekwa kwenye nyama ya panya mzima, tezi dume ilichipua na kutoa matawi. Walipogeuza, ukuta mzima kwenye nyama yenye kasoro, tezi dume haikuota.

Maana yake ni kwamba homoni hupokelewa kwanza na seli za nyama ya pembeni, nazo ndizo zinazotuma ishara kwa jirani zao kwamba wakati wa kuchipua umefika. Kulikuwa na jambo jingine pia: ile tezi iliyoota kutoka ukuta wenye kasoro ilikua, lakini ilishindwa kutengeneza majimaji yake ya kawaida. Kwa hiyo seli za ukuta nazo zinahitaji kipokezi chao wenyewe, si kwa ajili ya kuchipua, bali kwa ajili ya kufanya kazi ya utu uzima. Tofauti hiyo ishike, tutaihitaji tukifika kwenye saratani.

Hizo ishara zinazotumwa ni kitu gani?

Ni protini ndogo. Seli moja huzitoa, na seli jirani huzinasa kwa kipokezi kilicho kwenye utando wake wa nje. Kipokezi kikishanasa protini, hubadilika umbo upande wa ndani, na badiliko hilo hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine mpaka kwenye kiini cha seli, ambako jeni fulani huwashwa au kuzimwa.

Kwenye tezi dume changa, nyama ya pembeni hutoa protini iitwayo FGF10, na panya waliozaliwa bila jeni ya FGF10 hawaoti tezi dume. Ukuta nao hujibu kwa kutoa protini ya familia ya Hejihogi. Kuna pia BMP4, ambayo kazi yake ni kuzuia, vichipukizi visizidi kiasi. Ndani ya seli zinazotarajiwa kuchipua, jeni iitwayo NKX3.1 huwaka mapema kabisa, hata kabla chipukizi la kwanza halijaonekana.

Tezi ikishakomaa, mazungumzo haya hupungua sana, ila jeni zake zote bado zimo ndani ya kila seli. Ninalisisitiza hili kwa sababu wagonjwa wengi huiona saratani kama mdudu aliyeingia kutoka nje. Saratani ya tezi dume haibuni ishara zake. Inaziamsha tena zile zilizoijenga tezi, wakati ambapo hazitakiwi.

Nimesikia habari za testosteroni na DHT. Tofauti yake ni nini?

Testosteroni ndiyo inayosafiri kwenye damu. Ikifika kwenye tezi dume, kimeng'enya kiitwacho 5-alfa-redaktesi huigeuza kuwa DHT, ambayo huishika kipokezi kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Ndani ya tezi dume, DHT ndiyo bosi.

Ushahidi ulikuja mwaka 1974, pale Julianne Imperato-McGinley na wenzake walipoandika kuhusu familia za kijiji kimoja cha Jamhuri ya Dominika. Baadhi ya watoto wa kiume walizaliwa na kasoro kwenye kimeng'enya hicho. Walizaliwa na maumbile ya nje yanayofanana na ya kike, wakalelewa kama wasichana, kisha walipobalehe testosteroni ikawapa sauti nzito, misuli na uume. Tezi dume zao zilibaki ndogo sana hata ukubwani.

Kutokana na watu hao, wanasayansi walitengeneza dawa ya kuzuia kimeng'enya hicho, finasteridi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa uvimbe wa kawaida wa tezi dume. Kama unaitumia, mwambie daktari kabla ya kupimwa PSA, kwa sababu ukishaitumia kwa miezi kadhaa hushusha PSA kufikia nusu hivi. Namba inayoonekana nzuri kwenye karatasi inaweza kumpoteza daktari asiyejua unameza nini.

Kipokezi cha homoni hufanya nini ndani ya seli?

Hiki ni tofauti na vile vya kwenye utando. Homoni za kiume hupenya utando zenyewe, kwa hiyo kipokezi chake hukaa ndani, kikiwa kimeshikiliwa na protini walinzi. DHT ikikishika, kinajikunja upya, walinzi wanakiachia, kinaingia kwenye kiini na kuungana na mwenzake, wakawa wawili. Wawili hao hukaa juu ya DNA, kwenye sehemu zenye mpangilio maalumu wa herufi, na kuwasha jeni zilizo karibu. Mojawapo ni jeni ya PSA.

Kwa hiyo mstari wa PSA kwenye karatasi ya maabara, mbali na kuonyesha kwamba tezi ipo, unatoa fununu kwamba kipokezi hiki kinafanya kazi. Lakini PSA hupanda pia kwa uvimbe wa kawaida na kwa maambukizi ya tezi. Kipimo kimoja kilichopanda hakitoshi kumwambia mtu ana saratani. Kinachothibitisha ni kinyama kilichochukuliwa na kutazamwa kwa darubini.

Sasa saratani inaanzaje?

Kwenye darubini, kijimirija cha tezi dume nzima kina tabaka mbili za seli. Ndani zimo seli ndefu zinazotoa majimaji. Chini yake kuna tabaka la seli za msingi, zimelala kama ukingo. Kwenye saratani tabaka hilo la msingi halipo. Mtaalamu wa maabara akiwa na shaka, hupaka rangi maalumu inayoshika seli za msingi tu, na ikiwa hazionekani kuzunguka vijimirija vinavyotiliwa shaka, anazidi kuamini kwamba ni saratani.

Kinachotokea ndani ya jeni hutofautiana kwa kila mgonjwa, ila kuna mambo yanayojirudia. Ile NKX3.1 iliyowaka mapema tumboni mara nyingi hupungua au hupotea mapema kwenye saratani. Jeni iitwayo PTEN, ambayo hupunguza nguvu ya ishara za kukua, hupotea pia, hasa kwenye saratani kali. Na mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waligundua jambo lililowashangaza wengi. Kwenye kromosomu ya 21 kuna jeni iitwayo TMPRSS2, ambayo huwashwa na kipokezi cha homoni za kiume. Kwenye kromosomu hiyohiyo kuna jeni ya ukuaji iitwayo ERG, ambayo kwa kawaida imezimwa katika seli za tezi dume. DNA ikikatika na kuungwa vibaya, sehemu ya kuwashia ya TMPRSS2 hujikuta mbele ya ERG. Tangu hapo kila homoni inapofika, ERG inawaka. Muungano huu unapatikana kwenye takribani nusu ya saratani za wanaume wa Kizungu, na ni mchache zaidi kwa wanaume weusi. Hilo peke yake linatosha kutufanya tudai utafiti zaidi ufanyike kwa Waafrika, badala ya kutegemea majibu yaliyopatikana kwa watu wengine.

Kumbuka ule mgawanyo wa kazi: ndani ya tezi nzima, kipokezi cha seli za ukuta kinasimamia utengenezaji wa majimaji, na hakizisukumi seli zigawanyike ovyo. Kwenye saratani kipokezi hichohicho hubadilisha kazi. Seli haisubiri tena ruhusa ya jirani. Inajiamuru yenyewe igawanyike.

Je, mwenye testosteroni nyingi ana hatari zaidi?

Hapana, si kwa namna watu wanavyofikiri. Tafiti zilizokusanya maelfu ya wanaume hazikuona kwamba wenye testosteroni nyingi kwenye damu hupata saratani hii zaidi ya wengine. Homoni inahitajika ili tezi iwepo na saratani iendelee kukua, lakini kuwa na kiwango cha juu cha kawaida si ugonjwa. Usimnyooshee kidole mzee kwa ujana wake.

Daktari, baba yangu ameambiwa achague sindano au kuondolewa korodani. Kwa nini?

Pole, mwanangu. Ni uamuzi mzito, na baba anastahili kuelezwa polepole, akiwa na mtu anayemwamini.

Mwaka 1941, Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba wagonjwa wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa walipata nafuu walipoondolewa korodani au kupewa homoni za kike. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Sehemu kubwa ya testosteroni, zaidi ya asilimia 90, hutoka kwenye korodani. Ukiziondoa, kiwango chake hushuka ndani ya muda mfupi sana, na seli nyingi za saratani hufa au husimama.

Sindano hufikia mahali hapohapo kwa njia nyingine. Ubongo hutuma homoni iitwayo GnRH kwa tezi ya pituitari kwa vipindi, na pituitari huziamuru korodani. Muundo wa GnRH ulitambuliwa mwaka 1971 katika maabara ya Andrew Schally, ambaye alishiriki Nobel ya 1977. Sindano kama goserelini ni mfano wa GnRH unaobaki mwilini mfululizo. Pituitari, ikipigiwa kelele bila kupumzika, hukoma kuitika, na korodani hazipati amri tena.

Ila kabla haijakoma, katika wiki ya kwanza au mbili hupandisha testosteroni kwa muda. Kwa mtu mwenye saratani kwenye uti wa mgongo, kupanda huko kunaweza kuongeza maumivu au kubana mishipa ya fahamu. Ndiyo maana mara nyingi hutangulizwa vidonge kama bikalutamidi vya kuziba kipokezi. Waulizeni kuhusu vidonge hivyo kabla ya sindano ya kwanza.

Upasuaji hufanyika mara moja na gharama yake imekwisha. Sindano inarudiwa kila mwezi au kila miezi 3, na kuikosa kunairudisha testosteroni. Kwa familia inayojilipia, hilo ni jambo la kuhesabu mapema. Madhara yanakaribiana: joto la ghafla, kupungua hamu ya tendo la ndoa, mifupa kudhoofika, uchovu. Mama naye aelezwe. Wanandoa wengi huumia kimyakimya kwa kudhani mwenzao amewachoka.

PSA ya mume wangu ilishuka vizuri, sasa inapanda tena ingawa hakukosa sindano hata moja. Kuna mtu amemfanyia kitu?

Hapana, mama. Hakuna aliyemfanyia, na yeye hakukosea. Saratani nyingi zilizosambaa hufika hapo.

Zamani ilidhaniwa kwamba saratani ikifika hatua hii haihitaji tena homoni. Leo tunajua kwamba mara nyingi bado inategemea kipokezi kilekile, ila imejifunza kusikia hata mnong'ono. Baadhi ya seli hunakili jeni ya kipokezi mara nyingi, wakatokea vipokezi vingi mno, hata tone la homoni likatosha. Nyingine hubadilisha umbo la kipokezi kikawa kinawashwa na homoni nyingine, au hata na dawa iliyokusudiwa kukizima. Nyingine hujitengenezea homoni zenyewe, au hutumia malighafi kutoka tezi zilizo juu ya figo, ambazo sindano haizigusi.

Halafu kuna kipokezi kilichofupishwa, AR-V7. Hakina ile sehemu inayoshikwa na homoni. Ni kama taa iliyoungwa moja kwa moja kwenye umeme bila swichi, inawaka usiku na mchana. Dawa nyingi za homoni hulenga sehemu ambayo AR-V7 haina, kwa hiyo hazikipati.

Na ukikizima kipokezi kabisa, ishara za PI3K, njia nyingine ya kukuza seli ambayo PTEN ilikuwa ikiizuia, zinaweza kupanda kufidia. Njia hizi mbili zinaangaliana.

Dawa zipo. Abirateroni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, huzuia kimeng'enya cha kutengeneza homoni za kiume mahali pote: korodani, tezi za juu ya figo, na ndani ya saratani yenyewe. Enzalutamidi hukaa kwenye kipokezi na kukizuia kisiingie kwenye kiini. Shirika la Afya Duniani liliingiza abirateroni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na ningependa kuona kila mgonjwa wa ukanda wetu anaipata bila kuuza shamba.

Angalizo kwa wanaoimeza: abirateroni hutolewa pamoja na prednisoloni kwa sababu maalumu. Ikizuia kimeng'enya chake, hupunguza pia kortisoli, na mwili hujibu kwa kuzisukuma tezi za juu ya figo. Matokeo yake shinikizo la damu hupanda na potasiamu hushuka. Prednisoloni huzuia hilo. Nimeona watu wakiiacha kwa sababu wamesikia inanenepesha. Msiiache bila daktari. Na sindano ya zamani mara nyingi huendelea vilevile, kwa sababu ukiirudisha testosteroni unazipa chakula seli za saratani zilizokuwa zinasubiri.

Kwa nini saratani hii hupenda mifupa?

Kwenye mfupa kuna seli zinazojenga na zinazobomoa, na zote huzungumza kwa ishara za ukuaji. Seli za saratani zikifika hapo hutoa protini zinazowachochea wajenzi, na wajenzi hutoa RANKL, ishara inayowaamsha wabomoaji. Mfupa ukibomolewa huachia vichocheo vya ukuaji vilivyohifadhiwa ndani yake, navyo huilisha saratani. Mfupa unaojengwa hapo huonekana mweupe na mzito kwenye picha, lakini ni dhaifu.

Maumivu ya mgongo pamoja na miguu kuishiwa nguvu, kufa ganzi, au kushindwa kuzuia choo au mkojo kwa mgonjwa wa saratani hii ni dharura. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Magome ya mti wa porini yanatibu? Wanauza sana.

Nadhani unauliza mti wa *Prunus africana*, ambao Wakikuyu huuita muiri. Unaota kwenye misitu ya milimani, ikiwemo Kilimanjaro na Mlima Kenya, na magome yake yamepelekwa Ulaya kwa miaka mingi kutengenezea dawa. Majaribio yalionyesha kwamba dondoo lake hupunguza kiasi dalili za mkojo za uvimbe wa kawaida. Halijathibitishwa kutibu saratani. Hatari yake ni kuchelewesha: mkojo unatulia, mtu anaona amepona, na saratani ya eneo la nje inaendelea. Pima kwanza. Biashara hiyo pia imeuharibu mti kiasi kwamba tangu mwaka 1995 uuzaji wake nje ya nchi unadhibitiwa na mkataba wa kimataifa.

Baba yangu anayo. Mimi na wanangu tuanze kupima lini?

Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa Tanzania na Kenya katika makadirio ya WHO ya mwaka 2022. Duniani ilikadiriwa kuwapata watu wapya karibu milioni 1.5 mwaka huo, na kuua karibu 400,000. Wanaume weusi wako kwenye hatari kubwa zaidi, na baba au kaka mwenye ugonjwa huongeza hatari hiyo.

Mwongozo wa Shirika la Saratani la Marekani umeshauri mwanamume wa hatari ya kawaida azungumze na daktari kuhusu PSA akiwa na miaka 50, mweusi au mwenye baba au kaka aliyeugua kabla ya miaka 65 akiwa na 45, na mwenye ndugu wa karibu zaidi ya mmoja waliougua mapema akiwa na 40. Wewe anza kwenye 45, na kama babu au ami aliugua pia, usisubiri zaidi ya 40. Kipimo cha damu kinatosha kuanzia. Kile cha kidole, ambapo daktari huigusa tezi kupitia njia ya haja kubwa, huongezwa kukiwa na sababu, na huisha kwa muda mfupi sana.

Waulize na upande wa mama. Jeni ya BRCA2 iliyoharibika, inayojulikana zaidi kwa saratani ya matiti na ya ovari, huongeza pia saratani kali ya tezi dume, na mtoto wa kiume anaweza kuirithi kwa mama kama anavyoweza kwa baba. Mkiwa na shangazi, mama wadogo au bibi waliougua saratani hizo, mwambieni daktari. Kwa aliyekwisha kuugua, jibu la kipimo cha jeni hiyo linaweza pia kubadilisha dawa: olaparibu, iliyoidhinishwa Marekani kwa saratani hii mwaka 2020, huwafaa hasa wale ambao BRCA zao hazifanyi kazi.